Kanuni za barza hazijaandikwa popote. Kwenye grupu, nani atamnong'oneza mtoto wetu?

Kete_Namua (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi ni mrefu, naomba subira zenu. Nina jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa. Barzani siwezi kulisema, kwa sababu waliohusika ndio hao ninaokaa nao, na mimi mwenyewe nimo.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, hapa Unguja upande wa Ng'ambo, alifariki hospitali karibu na alfajiri. Mtoto wake wa kiume alikuwa naye. Binti yake mkubwa ameolewa Muscat. Kaka mtu bado yuko ukumbini, anasubiri karatasi na anatafuta moyo wa kumpigia dada yake, kumbe kijana mmoja wa mtaa ameshapata habari. Akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp: jina kamili la marehemu, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, maziko in shaa Allah baada ya sala ya Adhuhuri. Grupu lina watu mia tatu na kitu, na binti yumo. Alishika simu aangalie saa ya sala, akakutana na kifo cha baba yake kwa mkono wa mtu asiyemjua.

Aliandika neno moja tu: "Baba?"

Hapo tena grupu likawaka. Kijana alishambuliwa kutoka kila upande, na watu wazima, wengine wazee wa heshima zao. Mimi niliandika, "Huna adabu, kwenu hukufunzwa." Mama yake yumo humo humo, na tiki zilikuwa za buluu. Baada ya kama nusu saa kijana akalefti. Toka siku ile barzani hajatia mguu, na alikuwa haikosi hata siku moja.

Maneno yangu nimeyasoma tena mara nyingi. Kinachoniuma ni hiki: nani alimwambia yule kijana kwamba habari ya kifo hutolewa na watu wa nyumba, na kwamba walio mbali huambiwa kwanza, kwa sauti ya mtu wa karibu, na ikiwezekana mtu mwengine awe amekaa pembeni yake? Imeandikwa wapi? Haijaandikwa. Mimi naijua kwa sababu kuna mtu aliniambia. Yeye sisi tulimwambia lini?

Nikuelezeni nilivyofunzwa mimi, mtaona ninakokwenda.

Barza yetu ni ya saruji, ukingo wake umelainika kwa miaka ya kukaliwa. Bao letu ni la mfenesi, na kete ni komwe za zamani, nyengine zimeshakuwa nyeusi kwa jasho la mikono. Nilikuwa na miaka 14. Wazee wawili wanacheza, bado wako kwenye namua, hatua ya mwanzo ya kutia kete za mkononi moja moja. Mmoja ni mtu niliyempenda sana, nikimwita Ami ingawa hatuna nasaba. Mkononi amebakiwa na kete tatu. Nikaona kitu: akila pale na akazipandisha kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la upande ule, zinazunguka mpaka zinaibeba nyumba ya mwenzake, lile shimo lake kuu. Nikashindwa kujizuia, nikapiga kelele, "Ami, kushoto! Kichwa cha kushoto!"

Barza nzima kimya. Hakuna aliyenitazama. Ami alikaa na ile kete baina ya vidole viwili kwa muda, kisha akala pale pale nilipopataka, lakini zile kete akazitia kichwa cha kulia. Zikaenda zikalala shimo la tatu. Mwenzake akamla, na bao likamshinda.

Hakunigombeza mtu. Tulisali Magharibi, tukatoka, na kwenye kona ya muuza urojo Ami akanitia mkono begani. Akaniambia polepole, wala hakusimama: "Mwanangu, ile kete niliiona. Ulipoisema ikawa si yangu tena, ndiyo maana sikuicheza. Mtu akinifunga kwa akili yake sioni vibaya. Lakini wewe ukinisaidia, unaninyang'anya. Kesho njoo mapema, kaa upande wangu."

Basi. Hiyo ndiyo skuli yote niliyosoma. Ni miaka 27 sasa, na sijasema kete ya mtu tena.

Barza ina kanuni nyingi namna hii. Aliyeshinda haondoki bila ya kumpa mwenzake bao la kulipiza, labda awe ameaga mapema kwamba ana safari. Mtoto mdogo hapiti mbele ya bao, huzunguka nyuma. Anayekuja hutoa salamu kwa wote kwanza, ndiyo amtafute mtu wake. Na ile ninayoipenda kuliko zote: adhana ikiadhiniwa katikati ya mchezo, watu huinuka wakaziacha kete kama zilivyo. Bao linabaki peke yake pale njiani, watoto wanapita, paka wanapita. Mnarudi msikitini mnakuta kila komwe kwenye shimo lake. Sijawahi kusikia mtu akibisha kwamba kete zake zimeguswa.

Naomba wenzangu mnisaidie. Zipi kwenu mlizozijua bila ya kuandikiwa, na mlizijuaje? Na huku kwenye simu, ambako hakuna kona ya muuza urojo ya kumpitisha mtu, tufanyeje?

Mgeni_wa_Wete

Waalaykum salaam kaka yangu. Umenikumbusha mbali.

Mimi nimezaliwa Dar, nimeolewa Wete. Ramadhani yangu ya kwanza ukweni, jirani alileta futari: muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga juu yake, sahani imefunikwa na kawa. Tukala. Asubuhi nikaiosha ile sahani kwa bidii mpaka ikang'ara, nikampa mtoto airudishe. Moyoni nikajiona mke bora wa Pemba yote.

Wifi yangu alikuwa jikoni anakuna nazi. Akaniona ninavyomkabidhi mtoto. Hakuinuka pale juu ya mbuzi, akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na nazi yake: "Wifi, hebu itilie ndimu mbili tatu. Sahani ya watu ikirudi tupu inaona baridi."

Nikatia ndimu. Mume wangu hajui mpaka leo, mama mkwe hajui, jirani hajui. Tulijua watu wawili tu, na wifi yangu hajawahi kulirejea hata kwa utani. Kwa jambo lile peke yake nampenda mpaka kesho.

Sasa fikirieni angelisema mbele ya wakwe zangu. Kanuni ingekuwa ile ile na ndimu zingekuwa zile zile, lakini mimi ningekuwa mtu mwengine katika nyumba ile.

Umetaja tiki za buluu. Hizo WhatsApp walizileta Novemba 2014, na nakumbuka zilivyotuingilia. Kabla yake mtu akichelewa kujibu tunasema hajaona. Zilipokuja ikawa kosa jipya: "umesoma ukanyamaza". Hatukukaa kikao tukakubaliana kwamba kusoma bila kujibu ni dharau. Lakini nina shoga yangu wa miaka tuliyekosana kwa hilo tu, na nilikuwa nanyonyesha, simu nimeifungua kwa kidole kimoja.

Dhumna28

Kwetu Malindi ni dhumna, mambo ya bao nawaachia wenyewe. Vipande 28, watu wanne, wawili kwa wawili. Kipande unaruhusiwa kukipiga mpaka meza iruke, kujisifu unaruhusiwa, mpinzani kumwita majina yote unaruhusiwa. Lakini mwenzako akitupa kipande kibovu humgombezi mpaka mkono uishe. Ukimgombeza katikati umeshamwambia mpinzani ulichonacho, na umemvunja mtu wako. Mkishamaliza, hapo mkosoeni mnavyotaka.

Na kwenye karata, wahedwasitini, ukimkonyeza mwenzako una shupaza au kopa, siku hiyo hiyo hupati tena mtu wa kukaa mkabala wako. Hatukufukuzi. Tunakuwa tumeshatimia tu, kila siku tumetimia.

Mkarafuu

Nimesoma kwa utulivu, na niseme nisichokubaliana nacho. Mtanisamehe.

Mnazisifu kanuni zisizoandikwa kwa sababu nyinyi ni wenyeji wake. Mimi nimetoka shamba kule Pemba, nikaja mjini na miaka 19 kutafuta kazi. Dhumna28 ametaja "tumetimia". Hiyo "tumetimia" nimeambiwa miezi mitatu, kila nikikaribia meza. Hakuna aliyeniambia nimekosa nini. Nilikuja kujua baadaye sana: siku ya kwanza nilikaa kwenye nafasi ya mzee aliyekwenda kusali, nikidhani iko wazi. Huyo Ami wako ni bahati. Wifi wa huyu dada ni bahati. Wangapi hawakupata Ami wala wifi? Kanuni isiyoandikwa ni ufunguo ulioko mfukoni mwa mwenye nyumba. Akikupenda atakufungulia, asipokupenda utabaki kupiga hodi.

Kwa hiyo mimi nasema ziandikwe. Hata hao wa intaneti waliandika zamani. Mwaka 1995 ulitolewa waraka unaoitwa RFC 1855, wa adabu za mtandaoni, kabla hata WhatsApp haijaota. Umo humo kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kama kupiga kelele. Na umo kwamba ukiingia kwenye kundi la mazungumzo usome tu kwa mwezi mmoja au miwili kabla hujaandika chochote. Yaani kaa barzani utazame kwanza. Wazee wetu wanalijua hilo, tafauti ni kwamba wale waliliweka mahali ambapo mtoto wa shamba kama mimi angeweza kulisoma bila ya kumbembeleza mtu.

Swali langu kwako, Kete_Namua: huyo kijana kabla ya siku ile alikuwa ameambiwa kitu gani kwenye grupu? Na pili, umeshamwomba radhi?

Ami_wa_Gulioni

Salaam kwenu nyote vijana wangu.

Zamani kifo kilitangazwa redioni, Sauti ya Tanzania Zanzibar. Msomaji anataja marehemu, kisha anataja baba wa nani, ndugu wa nani, na walioko Wete, Chake, Mkoani, Makunduchi. Ile orodha ya majina ilikuwa ndefu, na aliyeipeleka alikuwa mtu wa familia, ameshika karatasi mkononi. Kwa hivyo habari haikuweza kuwatangulia wenyewe, maana ilipitia kwao.

Kanuni hii hatukuihitaji kuisema. Njia yenyewe ya kutangaza ilikuwa inailinda. Simu imeiondoa njia, kanuni ikabaki haina mlinzi, na sisi wazee tukadhani vijana wanaiona kama tunavyoiona sisi. Kosa hilo ni letu kabla ya kuwa lake.

Msomaji_Mkunazini

Ami, shikamoo. Umeyasema mambo ambayo sisi tulisomeshwa kwa muhula mzima.

Nilisoma sosholojia, nichangie kidogo. Kuna Mmarekani, Harold Garfinkel, aliyefanya majaribio ya kuvunja kanuni zisizosemwa kusudi, aone kitatokea nini. Jaribio lake moja lilikuwa la mchezo, ule wa vyumba tisa ambao mmoja anachora msalaba na mwengine duara, hata watoto wetu wanauchora mchangani. Aliwaagiza wanafunzi wake wacheze na mtu, wamwachie aanze. Mtu akishachora alama yake, wewe unaifuta, unaihamishia chumba chengine, kisha unachora yako kama kwamba hakuna lililotokea.

Humo hakuna sheria iliyoandikwa inayosema "usifute alama ya mwenzako". Hakuna anayefikiri inahitajika. Na watu walivyobabaika! Kwengine aliwatuma wanafunzi wakae majumbani mwao kama wapangaji, waombe ruhusa ya kufungua friji, waongee kwa adabu ya mgeni. Familia zilichukia, mama wakauliza mtoto anaumwa au amekasirikia nini.

Nililolichukua mimi kutoka kwake ni hili. Kanuni iliyoandikwa ikivunjwa, watu husema, "Huenda hakuisoma." Isiyoandikwa ikivunjwa, wazo la kwamba huenda mtu hajui haliji kabisa, kwa sababu kwetu sisi ni kama jua na mvua, kila mtu anayaona. Basi inabaki tafsiri moja: amekusudia, au ana kasoro. Ndiyo maana kaka yetu hakuandika "kijana, hili halifanywi hivi". Aliandika "kwenu hukufunzwa". Naamini wengi wetu tungeliandika hivyo hivyo.

Mwengine ni Stanley Milgram, miaka ya mwanzo ya 1970, alipowatuma wanafunzi kwenye treni za chini ya ardhi New York waombe kiti kwa mtu aliyekaa, bila ya kutoa sababu yoyote. Asilimia 68 waliwapisha, ama kwa kuinuka ama kwa kusogea. Lakini wanafunzi ndio walioumia. Milgram alipojaribu mwenyewe, maneno yalimkwama kooni. Kanuni hizi zinakaa mwilini. Kwenye chai maharage, gari ya abiria ya Chake, mzee akiingia, miguu yangu huinuka kabla sijaamua.

Kwenye grupu mwili haupo. Hakuna kimya cha barza cha kukuambia umekosea. Kimya cha grupu kinafanana na watu kulala.

Niko_Leicester

Nasoma uzi huu kwenye basi huku baridi, na nimemkumbuka Ami wangu mwenyewe, Mungu amrehemu.

Mimi hapa nacheza michezo ya mezani na wenzangu wa kazini kila Ijumaa usiku. Tunacheza hasa ile ya kusimulia hadithi kwa zamu, Dungeons & Dragons na jamaa zake. Ule mchezo ulitoka mwaka 1974 na kitabu chake kina sheria chungu nzima: mpira wa moto unafika wapi, upanga unaumiza kiasi gani. Lakini mambo yanayowagombanisha watu mezani hayamo humo. Nani anaongea sana. Nani anachelewa kila wiki. Nani analeta kwenye hadithi jambo la kuumiza, mfano kifo cha mtoto, wakati aliyekaa pale amezika mtoto mwaka jana na hakumwambia mtu.

Mmarekani mmoja, John Stavropoulos, alibuni kitu chepesi. Kadi moja imeandikwa X, inawekwa katikati ya meza. Mtu yeyote akiigusa au akiinyanyua, kinachosimuliwa kinaachwa hapo hapo, mnaendelea na chengine. Aliyegusa haulizwi sababu. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni mambo ya kitoto. Kisha usiku mmoja mwenzetu aliigusa. Msimulizi akasema, "Sawa, turudi sokoni," na mchezo ukaendelea. Hakuna aliyemgeukia. Nikasema moyoni, hii ndiyo stara tuliyolelewa nayo, hawa wameipa kadi.

Kwa hiyo Mkarafuu na Kete_Namua mnagombana bure. Kadi imeandikwa, iko wazi, kila mgeni anaelezwa siku ya kwanza kabla mchezo haujaanza. Lakini kilichoandikwa si orodha ya makosa. Kilichoandikwa ni namna ya kumsitiri mtu.

Mkarafuu

Niko_Leicester, hapo umenishika. Hilo nalikubali. Lakini Kete_Namua hajanijibu swali la pili.

Kete_Namua

Mkarafuu, nakujibu. Sijamwomba radhi. Nimepita mlango wao mara mbili nikaongeza mwendo. Swali lako limenilaza macho, na nakushukuru kwa kuliuliza waziwazi.

La kwanza pia nalijibu. Hakuwa ameambiwa kitu. Grupu lilifunguliwa 2016 wakati wa kuchangia kisima. Maelezo yake mpaka leo yanasema "Kisima cha mtaa". Watu wamekuja wameondoka, pamewekwa maziko, harusi, mbuzi waliopotea, na mwenye kuliongoza mpaka leo ni fundi wa bomba aliyehamia Fuoni.

Nipeni siku mbili tatu.

Mgeni_wa_Wete

Kaka, ukienda anza na mama yake. Neno lako lilimpiga yeye kabla ya mtoto.

Kete_Namua

Assalaam alaykum. Nimerudi.

Jana baada ya Isha nilikwenda. Nilimwomba Ami anisindikize. Ni yule yule wa kichwa cha kulia, sasa anatembea kwa bakora na jicho moja haoni vizuri. Hakuniuliza sababu, alivaa kofia tu tukatoka. Nilipiga hodi. Nilipiga ya pili. Kabla ya ya tatu mama yake akaitikia, "Karibuni," na kwa sauti yake nikajua amenitambua.

Dada yangu wa Wete, nilifanya ulivyosema. Sikukaa kwanza. Nilimwambia, "Mama, niliandika kwamba kwenu hakukufunzwa. Nimekuja kuyarudisha maneno yale, maana si ya kweli na sikustahiki kuyasema." Mama alitazama mkeka. Akasema, "Yaliniuma, mwanangu. Yule baba yake alikufa nikabaki kumfunza peke yangu." Halafu akainuka akaenda kututilia chai. Nilikaa pale na Ami, hakuna aliyesema kitu mpaka vikombe vikaja.

Kijana alitoka chumbani. Nikamwomba radhi na yeye. Akajibu radhi, kisha akasema jambo ambalo sisi watu mia tatu na kitu hatukumuuliza siku ile. Baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, habari zilichelewa kuwafikia watu. Walizika watu kumi na mmoja. Aliwahesabu. Anakumbuka hata jeneza lilivyokuwa linayumba, kwa sababu wa kupokezana walikuwa wachache. Sasa aliposikia mzee amekufa alfajiri na maziko ni Adhuhuri, alichokiona ni saa chache zilizobaki na watu walio mbali Bumbwini na Makunduchi. Alikimbilia simu ili mzee asizikwe na watu kumi na mmoja.

Ami ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Ulilolikusudia ni jema na watu walifika kwa sababu yako. Siku nyengine, wapigie wenyewe kwanza, uwaambie, nipeni ruhusa nitangaze. Ni dakika kumi tu." Basi, hakuongeza.

Kijana akasema anataka kuzungumza na yule binti wa Muscat lakini anaogopa. Tulimpigia kaka mtu kwanza kuomba ruhusa, akatupa na namba. Simu ilipokelewa. Kijana akajitaja jina, akasema yeye ndiye. Kule kukawa kimya muda mrefu, tunasikia mtoto analia kwa mbali. Kisha binti akauliza, "Wewe ulikwenda makaburini?" Akasema, "Nilikwenda, nilisimama nyuma." Binti akamuuliza, "Watu walikuwa wengi?"

Kijana akamwambia, "Msikiti ulijaa, safu mbili zilisalia nje. Niliwahesabu mpaka nikapotea hesabu."

Binti alilia, na yeye akalia. Mimi na Ami tukatoka nje tukawaachia simu.

Mkarafuu

Mungu akulipe kheri ndugu yangu. Na kwenye grupu je?

Kete_Namua

Fundi wa bomba amekabidhi. Maelezo ya "Kisima cha mtaa" tumeyaondoa, tukaandika mistari miwili. Wa kwanza: habari ya msiba hutolewa na watu wa nyumba au kwa ruhusa yao, na wa kupigiwa ni hawa wawili, na namba zao zipo. Wa pili: mwenzetu akikosea, aandikiwe yeye peke yake. Tulibishana sana kama tuongeze za matangazo ya biashara na picha za asubuhi njema. Tumeziacha.

Kijana ameombwa awe mmoja wa hao wawili. Amekubali, ila amesema kwa mwezi mmoja atapokea simu tu, hataandika kitu.

Leo Alasiri amekuja barzani. Ametoa salamu kwa wote, amekaa upande wangu. Nimecheza na Ami, na kwa hali ya jicho lake sasa huzigusa kete kwa vidole kuzihesabu. Adhana ya Magharibi imetukuta nina mtaji mzuri, tumeziacha komwe kama zilivyo. Nimeandika haya nje ya msikiti, wanatoka sasa hivi, nakwenda kumalizia.